Nduma Isiyoota Chini

Nyinyi wa kikundi cha kwaya mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, mwingine kwenye lango la kanisa, mwingine kwa posho mill tukisaga unga, na Wangari akaniuliza nikiwa na mtungi wa maji mgongoni. Nimechoka kusimulia nusu nusu, kwa hivyo nimekaa chini niandike yote mara moja. Mambo ya tiketi na barua za kuingia msituni nitayaruka, hayana utamu.

Kwa yule ambaye hakuwepo, ilianza siku ya itara, siku ambayo watu wa msichana wanakuja kuona boma la kijana. Kijana ni mwanangu Kamau. Msichana ni Shiru wa Kalimoni, na aliyemlea ni shangazi yake ambaye kila mtu humwita Tata Wairimu. Niliwapikia nduma, yaani magimbi, kutoka shambani mwangu. Mnajua hapa Gatuanyaga hatuna mto, kwa hivyo nduma zangu hukua kwenye mitaro niliyotandika karatasi nyeusi ya plastiki ndiyo maji yasipotee. Wageni walikuwa wengi kuliko tulivyoambiwa, nikachimba karibu mtaro mzima, kubwa na ndogo.

Chai haikuwa imeisha watu watatu wakashika koo. Wawili walikunywa maziwa wakapata nafuu. Tata Wairimu alivimba midomo, akashindwa kumeza hata mate yake. Alipelekwa hospitali Thika akalazwa siku tatu, na mazungumzo ya ndoa yakaishia hapo.

Mlisikia kilichosemwa. Ati mimi Nyambura niliweka kitu kwenye chakula. Na kilichofanya watu waamini ni kwamba mwezi mmoja kabla, mbele yenu hapa kwenye kikundi, nilisema Kamau anaharakisha na huyo msichana si wake. Nilisema, siwezi kukataa.

Siku iliyofuata nilipekua maganda na mabaki. Katikati ya nduma za kawaida kulikuwa na vimviringo vidogo, vyekundu kwa ndani, ambavyo mimi sikumbuki kupanda. Mwishoni mwa mtaro kulikuwa kumebaki mimea miwili yenye majani kama ya nduma, lakini membamba. Miche ya mtaro ule nilitumiwa na kaka yangu Njoroge kutoka Nandi, wakati wa mvua za masika mwaka jana, ndani ya gunia. Nikampigia simu.

"Mimi nilikutumia nduma ya mto," akasema. "Kama ulipika nusu, usinitupie mimi lawama."

Akakata. Tangu hapo akawa hapokei simu yangu.

Gatuanyaga hadi Mugutha

Mmoja wa waimbaji wetu ana binamu huko Mugutha, Ruiru, anaitwa Muthoni. Muthoni alifanya kazi miaka mingi chuoni, kazi ya kukausha mimea, kuibandika kwenye karatasi na kuiandikia majina. Nikang'oa mmea mmoja kati ya ile miwili nikauweka ndani ya ndoo ya rangi, nikapanda boda.

Kabla hatujafika lami gurudumu likapasuka. Kijana wa boda akaenda kutafuta fundi, nikabaki kando ya barabara na jua la saa tano. Majani yakaanza kulegea. Nilivua kitambaa cha kichwa nikayafunika, kisha nikayanyunyizia maji ya chupa niliyokuwa nimebeba ya kunywa. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi akanitazama muda mrefu.

"Unanywesha nduma na wewe mwenyewe umekauka midomo," akasema.

"Hii ikikauka, na mimi nimekauka," nikamjibu. Akaniletea kikombe cha maji.

Muthoni anaishi orofa ya tatu, kwenye moja ya zile nyumba mpya zinazomea huko kila wiki. Ngazi nzima imejaa mikebe ya mimea mpaka unapita kwa ubavu. Ni mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alichukua jani, akalipindua, akaliwekea lenzi yake.

"Ulipika masaa mangapi?"

"Mawili."

"Una uhakika?"

"Muthoni, nimeanza kupika nduma nikiwa darasa la tano."

Akanieleza kwamba hata nduma ya kawaida ina vitu kama sindano ndogo ndogo, jicho haliwezi kuviona, na ni moto tu unaovivunja nguvu. Isipoiva, inachoma koo. "Kwa hivyo yeyote anaweza kusema ulipika haraka, na hili jani halitakutetea. Jamaa ya nduma ni kubwa na majani yao yanadanganya."

"Lakini si nduma?"

Akaliweka jani mezani. "Kuna mmea mmoja naushuku. Lakini huo hauoti chini. Unakaa juu ya miti, kwenye misitu ya milimani yenye mvua nyingi. Na una vijiti vinavyosimama wima, vyenye vichipukizi vidogo vidogo vilivyo na ndoano. Niletee vile vijiti, na uniambie umeuona kwa macho yako ukikaa juu ya mti. Hapo nitaandika jina na niweke sahihi. Bila hivyo siandiki."

"Si mtu anaweza tu kupiga picha akutumie?"

"Nani?"

Sikuwa na wa kutaja. Njoroge alikuwa hapokei simu. Nikamwambia miche ilitoka Nandi, nitaenda mwenyewe.

"Nandi ni mbali," akasema.

"Najua iko wapi," nikasema, ingawa sikuwa nimewahi kufika. Njoroge ameishi huko miaka ishirini, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha majani chai, na mke wake Jepkorir ni wa huko. Wao ndio hututembelea Krismasi. Sisi hatujawahi.

Ruiru hadi Kapsabet

Nilisafiri na ile ndoo, mmea ndani yake, nimeifunga na gazeti bichi. Kwenye basi nilikaa na mama mmoja mnene, mcheshi, anayeenda Eldoret. Tulipita Naivasha tukiongea vizuri. Kisha akaniuliza ndoo ni ya nini.

"Natafuta mmea unaofunga watu koo," nikasema. Nilikuwa nimechoka, sikufikiria jinsi maneno hayo yanavyosikika.

Akahamisha mkoba wake kutoka goti la upande wangu hadi lile lingine. Tulipofika Nakuru akapata kiti nyuma, akahama yeye mwenyewe.

Mbele ya Mau Summit lori lilikuwa limelala katikati ya barabara. Tulikaa hapo masaa manne. Kulikuwa na baridi ya kuuma masikio na watu wote wakashuka. Wenyeji wakaja na mahindi ya kuchemsha na viazi. Nikiwa nimesimama kando, yule mama akanijia polepole akiwa na mahindi mawili. Akanipa moja.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "huo mmea wako, unaweza kufunga koo ya mtu asitukane tu, bila kumuumiza? Nina shemeji."

Nilicheka mpaka nikashika ndoo ndiyo nisianguke. Nikamweleza kisa chote, itara, hospitali, kaka yangu. Alisikiliza hadi mwisho akitafuna polepole. Niliona kabisa amevunjika moyo.

"Kwa hivyo wewe si daktari wa mitishamba."

"Hapana."

"Basi kula mahindi," akasema, akarudi kukaa na mimi.

Tulichelewa kiasi kwamba sikuweza kufika kwa Njoroge siku hiyo. Nililala Kapsabet.

Kapsabet hadi kwa Njoroge

Asubuhi nilipata pikapu ya kukusanya maziwa. Ilikuwa inasimama kwa kila lango, na kwa kila lango dereva anashuka, anasalimia, anauliza ng'ombe wanaendeleaje. Mwanzoni nilikuwa naangalia saa. Baada ya lango la tisa au la kumi nikaacha, nikaangalia majani chai yalivyofunika milima kama zulia, na msitu mweusi juu yake.

Jepkorir alinipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza nimekuja kufanya nini. Njoroge alikuwa kazini. Jepkorir akaniwekea ugali, mboga za kienyeji zilizopikwa na maziwa, na kikombe kikubwa cha mursik, maziwa yao ya kibuyu.

Nilitazama ndani ya kikombe nikaona maziwa ni ya kijivu na yana chembe nyeusi. Nilijua kwamba husugua kibuyu na mkaa, Njoroge alishawahi kuniambia. Lakini mkono wangu ulisimama. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Jepkorir aliona.

"Mama Kamau," akasema taratibu, "mimi sijakuwekea kitu."

Hakusema kwa hasira. Lakini nilihisi uso wangu ukiwaka moto. Hapo ndipo nilipojua mtu anayeshukiwa chakula chake anahisi vipi akiwa amesimama mbele yako na sufuria, na hapo hapo nikajua pia jinsi anavyohisi yule mwenye kikombe. Nilikunywa yote. Yalikuwa machungu kidogo na mazito, nikaomba mengine, na sikuomba kwa ajili ya adabu peke yake.

Njoroge alifika jioni. Akaona ndoo kabla ya kuniona mimi.

"Umekuja kunishtaki nyumbani kwangu?"

"Nimekuja unionyeshe ulikochimba."

"Nilichimba mtoni. Kila mtu huchimba hapo."

"Basi utanionyesha mtoni."

Alivua koti akaliangika bila kunitazama. "Hujabadilika," akasema. Nikamwambia hata yeye.

Msituni

Mvua ilitushikilia siku mbili. Siku mbili za kukaa na ndugu usiyeongea naye, mkimenya viazi katika beseni moja. Jepkorir ndiye aliyekuwa anaongea na sisi wote wawili, kwa zamu, kama mtu anayechunga ng'ombe wa maboma mawili.

Siku ya tatu kukawa kweupe. Tukaenda watatu, Njoroge na panga, Jepkorir na kamba ya kuni, mimi na ndoo.

Kwanza mtoni. Nduma zilikuwa nyingi, zimesimama ndani ya maji. Nilichimba hapa na pale, nikapasua kila moja. Zote zilikuwa nyeupe na za kawaida.

"Umeona," Njoroge akasema.

"Nimeona. Sasa tuangalie juu."

Mkitaka kujua kazi ya kuchosha, tembeeni nusu siku mkiangalia juu. Shingo inakufa. Unajikwaa kwenye mizizi. Jepkorir alitupeleka kwenye mti uliokuwa umepandwa na mtambaazi wenye majani ya kijani kizito, akasema huu ndio. Nikatoa jani langu kwenye ndoo, lililobaki kama kitambaa kilichooshwa. Kikonyo cha jani langu kimeshika jani kwa ndani, mbali na ukingo, kama mpini wa mwavuli. Cha ule mtambaazi kilishika ukingoni.

"Sio," nikasema.

"Ni majani, Nyambura," Njoroge akasema. "Majani ni majani."

"Tata Wairimu alilazwa kwa sababu majani si majani."

Saa saba akasema turudi. Nikamwambia arudi yeye, mimi nitalala humo humo kama ni lazima. Alisonya, akageuka, akatembea hatua kama kumi. Kisha akakaa juu ya gogo akaanza kunoa panga ambalo halikuhitaji kunolewa. Nikajua hatarudi nyumbani bila sisi.

Ni Jepkorir aliyeona. Alikuwa ametangulia hadi kwenye kona ya kijito, akaita jina langu, sio kwa sauti kubwa. Kulikuwa na mti mnene umeinama juu ya maji, umevaa kuvu na majani laini ya kijani kibichi. Kwenye panda yake, urefu wa watu wawili kutoka chini, kulikuwa na majani ya nduma. Yalikuwa yamening'inia hapo juu kana kwamba mtu alipanda ndani ya chungu akakipachika mtini. Hakukuwa na udongo kabisa. Katikati yake kulikuwa na vijiti vyekundu vyekundu vimesimama wima.

Nilikaa chini nikautazama.

Njoroge ana miaka hamsini na minne na magoti yake yanalia akipanda ngazi, lakini alipanda ule mti. Akakata kipande pamoja na kuvu lake na mizizi, na kiazi kidogo cha mviringo. Alipokuwa anakishusha, vichipukizi kutoka kwenye vile vijiti vikamwagika juu ya sweta yangu. Nilipangusa havikutoka. Vilikuwa vidogo kuliko punje ya mtama, na kila kimoja kilikuwa na ndoano zake. Ilibidi nivitoe kimoja kimoja kutoka kwenye sufi.

Jepkorir alikuwa ananitazama nikivitoa. Akageuka kwa mume wake.

"Njoroge, si hapa ndipo ulianika magunia?"

Njoroge aliutazama mti. Kisha akaeleza. Mwaka jana, kabla ya kunitumia miche, alifua magunia kwenye kile kijito na kuyaanika juu ya vichaka, chini ya ule mti, mchana wote. Halafu akajaza miche ya mtoni.

Na mimi nikakumbuka upande wangu. Nilipopanda miche ile jua lilikuwa kali, na ndiyo isiungue nililipasua lile gunia nikalitandaza juu ya mtaro. Likaozea hapo hapo. Vichipukizi vilivyonasa kwenye gunia nilikuwa nimevipanda mimi mwenyewe, kwa kuhurumia nduma.

"Basi ni gunia," Njoroge akasema.

"Ni gunia."

Akasafisha panga na majani. "Siku ile ulipiga simu nilidhani unataka kunitaja mbele ya wakwe."

"Nilitaka kukutaja."

"Najua," akasema. Akachukua ndoo kutoka mkononi mwangu, akaibeba yeye mpaka nyumbani.

Kurudi Mugutha

Njiani hakukutokea kitu. Njoroge alinisindikiza mpaka Kapsabet, akaninunulia chai na maandazi, akasimama dirishani mpaka basi likaondoka.

Muthoni alitandaza gazeti mezani akapanga kila kitu: jani, kiazi, mizizi yenye kuvu, vijiti. Alichukua kichipukizi kimoja na kibanio, akakitazama kwa lenzi muda mrefu. Aliniuliza maswali kama polisi. Kilikuwa urefu gani kutoka chini? Mti ulikuwa hai au umekauka? Kulikuwa na udongo? Nikajibu yote. Kisha akafungua kitabu kikubwa, akalinganisha, akafunga.

"Ndio wenyewe," akasema. Akaandika kwenye karatasi: *Remusatia vivipara*. Akanisomea mara tatu na bado ulimi wangu ukakataa.

"Kwa Kiswahili unaitwaje?"

"Sijui. Pengine hauna jina."

Chini yake akaeleza kwa lugha ya kawaida kwamba ni wa jamaa ya nduma, ni rahisi kuuchanganya na nduma, na kiazi chake kinachoma koo hata baada ya muda ambao nduma huwa imeiva. Akaweka sahihi. Kipande kingine alikikausha abaki nacho, na kwenye karatasi yake akaandika waliokiokota: Nyambura na Njoroge. Nilimwomba aongeze Jepkorir, kwa sababu ndiye aliyekiona.

Mugutha hadi Kalimoni

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda Kalimoni moja kwa moja na karatasi kwenye mkoba, nimevaa sweta ile ile. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Ningeanza na gunia, kisha mti, kisha jina.

Tata Wairimu alikuwa ameketi nje anachambua maharagwe. Sauti yake ilipotoka nilishtuka, ilikuwa ya mkwaruzo, kama ya mtu mwingine. Alinikaribisha kiti. Nikampa karatasi kabla hata ya kukaa vizuri. Akaisoma yote, polepole, akaikunja mara mbili akaiweka chini ya beseni ndiyo upepo usiichukue.

"Nani alikwambia nataka jina la mmea?" akaniuliza.

"Watu wanasema nilikuwekea sumu."

"Watu wanasema. Mimi umenisikia nikisema?"

Nikafikiria. Katika wiki zile zote, hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia Tata Wairimu amesema. Walikuwa wanasema wengine.

"Nilikaa hospitali siku tatu," akaendelea. "Kamau alikuja kila siku. Watu wa kanisa lako walikuja, wakaniletea uji. Nilikuwa naangalia mlango nikingoja wewe uingie. Kutoka kwako mpaka hapo Thika ni mwendo gani?"

"Niliona haya, Tata."

"Ukaona haya ya kwenda Thika, ukaenda Nandi."

Maneno yote niliyopanga njiani yalikuwa ya kesi, na yeye hakuwa na kesi. Nikashika maharagwe tukaanza kuchambua pamoja. Baada ya muda nikamwambia ukweli uliobaki, kwamba niliwahi kusema mbele ya watu Shiru si wa Kamau.

"Nilisikia," akasema. "Mimi nilimwambia Shiru Kamau si wake. Hawakutusikiliza wote wawili."

Alicheka, akakohoa, nikamletea maji. Ndipo nikamuuliza lile swali ambalo ningemuuliza siku ya kwanza.

"Ulikuwa unahisi vipi?"

Akaniambia. Siku ya kwanza alikuwa ameshika kikombe cha kutemea mate kwa sababu hayakupita. Alikuwa anaogopa kufumba macho, akidhani koo litafunga akiwa usingizini, na alikuwa anahesabu pumzi zake akimfikiria Shiru, kwamba atabaki na nani. Siku ya pili aliweza kumeza kijiko kimoja cha maziwa baridi, akalia kwa furaha mbele ya nesi. Alisimulia mpaka jua likahama kutoka kwenye miguu yetu. Sikumkatiza, na ile karatasi hakuna aliyeigusa tena.

Wazee watakaa tena kuhusu ndoa baada ya mavuno, hilo mmeshalisikia. Ule mmea uliobaki mtaroni niliuchoma, na mtaro nimeubadilisha udongo. Sauti ya Tata Wairimu bado haijarudi sawasawa. Daktari anasema itarudi polepole. Siku hizi kila Alhamisi naenda Kalimoni. Mambo ya ndoa hatuyaongei sana. Namuuliza amelalaje, naye ananiambia.